Kuamua kodi ya kupeleka kwa wapiga kura: mwongozo kwa madiwani na wananchi wa miji ya California

Katika miji ya California, baraza la madiwani halina uwezo wa kupandisha kodi peke yake. Tangu wapiga kura wa jimbo hilo walipopitisha Pendekezo 13 mwezi Juni 1978, na hasa tangu Pendekezo 218 la Novemba 1996, kila kodi mpya ya jiji na kila nyongeza ya kodi iliyopo lazima ipate ridhaa ya wapiga kura wenyewe. Msomaji aliyezoea utaratibu wa Kenya, ambako kaunti hupitisha sheria yake ya fedha baada ya kupokea maoni ya wananchi, au wa Tanzania, ambako halmashauri hutunga sheria ndogo za ushuru na kuzipeleka kwa waziri, atauona utaratibu huu kuwa mgeni. Hata hivyo, wasemaji wa Kiswahili waliokwisha kuwa raia wa Marekani na kufanya makazi yao California hukutana nao kila msimu wa uchaguzi, na baadhi yao hualikwa kwenye kamati zinazoshauri mabaraza kuhusu bajeti. Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa ajili yao.

Kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote ni la mpangilio. Mabaraza mengi huanza kwa kuuliza kodi ipi itapita, kisha ndipo yatafute sababu ya kuitoza. Anayefuata njia hiyo anaweza kushinda kura na kubaki na fedha zisizolingana na shida iliyokuwapo, au akashinda kwa ahadi ambayo sheria haimlazimishi kuitimiza. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuanzia upande wa pili.

Hatua ya kwanza: pima pengo kabla ya kutaja kodi yoyote

Mwombe mkurugenzi wa fedha atenganishe mambo mawili ambayo kwenye hotuba huchanganywa. La kwanza ni pengo la matumizi ya kawaida, yaani mishahara, pensheni, mafuta na umeme, ambalo hurudi kila mwaka. La pili ni deni la ukarabati lililolimbikizwa: barabara, mifereji ya maji ya mvua, vituo vya zimamoto. Tarehe 22 Januari 2024 mvua kubwa ilifurika mitaa ya kusini-mashariki mwa San Diego, ikiwemo Southcrest na Shelltown, na familia nyingi zikapoteza makazi. Mfereji usiosafishwa kila mwaka ni suala la matumizi ya kawaida. Mfereji uliojengwa mdogo kuliko maji yanayoupitia ni suala la ujenzi. Macho ya mkazi huona maji yaleyale, lakini tiba zake za kifedha ni tofauti kabisa.

Ili hesabu za mwongozo huu ziwe na mahali pa kushika, tuchukue jiji la kubuni lenye pengo la dola milioni 12 kila mwaka, na deni la ukarabati wa barabara na mifereji la dola milioni 90. Hayo ni matatizo mawili, na huenda yakahitaji majibu mawili.

Hatua ya pili: hakikisha unachotafuta ni kodi kweli

Si kila malipo kwa jiji ni kodi. Ada ya maji, ya majitaka au ya kuzoa takataka hutozwa kwa kiwango kisichozidi gharama ya huduma yenyewe. Baraza hutuma taarifa kwa wahusika, huitisha kikao, na ada huzuiwa ikiwa zaidi ya nusu yao wataipinga kwa maandishi. Kura ya wananchi wote haihitajiki. Pendekezo 26 la mwaka 2010 lilibana zaidi mpaka huu, kwa kutamka kwamba tozo yoyote ya jiji ni kodi isipokuwa iingie kwenye orodha fupi ya vighairi.

San Diego inafundisha vizuri hapa. Kwa zaidi ya miaka 100, sheria ya mwaka 1919 iliwapa wengi wa wenye nyumba za familia moja huduma ya takataka bila ada, ilhali wakazi wengi wa maghorofa waligharimia huduma hiyo kupitia kampuni binafsi. Mwaka 2022 wapiga kura walilegeza sheria hiyo, na mwaka 2025 baraza likaidhinisha ada. Mzigo uliokuwa ukiubana mfuko mkuu, yaani fedha za jumla za jiji, ukahamishiwa kwenye ada. Kabla ya kuomba kodi mpya, tafuta huduma ambazo mfuko mkuu unazilipia ilhali zingeweza kujilipia, kisha jiulize kwa dhati kama wanaozitumia wana uwezo wa kuzilipia. Uhalali wa ada hautoshi kuifanya iwe ya haki kwa mjane anayeishi kwa pensheni.

Hatua ya tatu: chagua ahadi

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Sheria ya California inatambua aina mbili za kodi za jiji. Kodi ya jumla huingia kwenye mfuko mkuu, baraza huitumia kwa kazi yoyote halali, na hupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Kodi maalumu hufungwa kisheria kwenye kazi iliyotajwa, kama vile maktaba au zimamoto, na baraza likiipeleka hupita kwa theluthi mbili.

Tofauti hiyo ya kizingiti ndiyo iliyoamua hatima ya kodi ya vinywaji vya sukari mwezi Novemba 2014. Berkeley ilipeleka kodi ya jumla ya senti moja kwa kila aunsi, nayo ikapita kwa takriban asilimia 76. Siku hiyohiyo San Francisco ilipeleka kodi maalumu ya senti mbili iliyofungwa kwenye lishe na michezo, ikapata takriban asilimia 55, ikaanguka. Mwaka 2016 San Francisco ilirudi na kodi ya jumla ya senti moja, na safari hiyo ikapita. Miaka miwili baadaye bunge la jimbo likazuia miji kuanzisha kodi mpya za aina hiyo hadi mwaka 2031.

Wanasiasa wengi husoma habari hiyo na kuhitimisha kwamba kodi ya jumla ndiyo ya kuchagua daima. Mimi sikubali. Theluthi mbili ni mlima, lakini mpiga kura anayeukubali hupewa dhamana ya kisheria: fedha za maktaba haziwezi kwenda kulipa fidia za kesi. Kodi ya jumla haina dhamana hiyo, hata kama matangazo yake yamejaa picha za wazima moto. Berkeley iliziba pengo hilo kwa kuunda jopo la wataalamu la kulishauri baraza kuhusu matumizi. Stockton, iliyokuwa imefilisika mwaka 2012, ilipeleka mapendekezo mawili mwezi Novemba 2013: moja la kodi ya jumla ya robo tatu ya senti kwa kila dola ya mauzo, na la pili la ushauri tu, likiwauliza wapiga kura kama wanataka asilimia 65 ya fedha hizo iende kwenye ulinzi wa raia na asilimia 35 kwenye kutoka kwenye ufilisi na huduma nyingine. Yote mawili yalipita. Njia hiyo ni halali, nayo ni ya uungwana endapo tu baraza litamwambia mwananchi bila kumung'unya maneno kwamba pendekezo la pili halilifungi kisheria.

Kipo pia kichochoro cha tatu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi iliyohusu jiji la Upland, iliamua kwamba baadhi ya masharti ya Pendekezo 218 hayahusu kodi zinazoletwa na wananchi wenyewe kwa kukusanya saini. Mahakama za rufaa zikaendeleza hoja hiyo na kukubali kwamba kodi maalumu iliyoletwa na wananchi hupita kwa zaidi ya nusu tu. Kodi ya uhamisho wa mali ya Los Angeles, ijulikanayo kama ULA, ilipita kwa njia hiyo mwaka 2022 kwa takriban asilimia 58. Hata hivyo, San Diego ilipiga kura ya kodi ya hoteli kwa saini za wananchi mwezi Machi 2020, ikapata asilimia 65 na kitu, na kwa sababu ya mabishano mahakamani viwango vipya havikuanza kutozwa hadi Mei 2025. Jiji lililopanga bajeti kwa fedha hizo lingeumia kwa miaka mitano. Zaidi ya hapo, madiwani hawaruhusiwi kuazima jina la wananchi. Saini zikikusanywa kwa maelekezo ya ofisi ya meya, mwanasheria wa upande wa pili atauliza pendekezo ni la nani.

Hatua ya nne: pitia kodi moja moja

Kodi ya mauzo ndiyo inayotumiwa zaidi. Kiwango cha msingi cha jimbo zima ni asilimia 7.25, na miji na kaunti huongeza juu yake ndani ya ukomo wa jumla wa asilimia 2, isipokuwa pale ambapo bunge limetoa ruhusa ya pekee. Kaunti na jiji hugawana nafasi hiyo moja, kwa hiyo uliza kwanza imebaki kiasi gani, na ni nani mwingine anayeitazama. Katika jiji letu la kubuni, lenye mauzo yanayotozwa kodi ya dola bilioni 1.6 kwa mwaka, nusu senti italeta dola milioni 8. Sehemu kubwa ya chakula cha kupikwa nyumbani na dawa za kuandikiwa na daktari havitozwi, jambo linalopunguza maumivu. Hata hivyo fundi anayenunua tairi na vipuri hulipa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko tajiri anayewekeza akiba yake.

Kodi ya wageni wa hoteli hupendwa kwa sababu mlipaji ni mgeni asiyepiga kura. Kwa miji ya pwani ni chanzo kizuri, lakini mwaka 2020 hoteli zilipobaki tupu kwa ajili ya korona, miji iliyoegemea kodi hiyo ilishuhudia mapato yakiporomoka ndani ya majuma machache.

Kodi ya uhamisho wa mali hutozwa nyumba au jengo linapouzwa. Miji yenye katiba yake pekee ndiyo inayoweza kuvuka kiwango cha kawaida cha jimbo, kwa hiyo swali la kwanza ni kama jiji lako ni mojawapo. Uzuri wake ni kwamba huweza kupangwa kwa ngazi: ULA ilianza tarehe 1 Aprili 2023 kwa asilimia 4 kwa mauzo yanayozidi dola milioni 5, na asilimia 5.5 kuanzia dola milioni 10. Ubaya wake ni kuyumba. Soko likipoa, au wenye majengo wakiahirisha kuuza, fedha hukauka, na mapato ya mwanzo ya ULA yalikuwa chini sana ya makadirio ya waliolipendekeza. Usilipe mshahara wa kudumu kwa kodi ya aina hii.

Kodi ya kiwanja hutoza kila kipande cha ardhi kiasi maalumu, au kwa futi za mraba, kwa kuwa Pendekezo 13 linazuia kukitoza kwa thamani. Ni kodi ya kutegemewa, haiyumbi, na inahitaji theluthi mbili. Kiasi kilichofanana kwa kila kiwanja kina dosari iliyo wazi: kibanda cha bibi na jengo la maduka hulipa sawa. Ukiichagua, pigania kipimo cha ukubwa wa jengo na msamaha kwa wazee wenye kipato kidogo, uandikwe ndani ya sheria ndogo yenyewe na usiachiwe kanuni za baadaye. Oakland iliigeuza kodi hii kuwa chombo cha kusukuma tabia: mwaka 2018 ilipitisha kodi ya dola 6,000 kwa mwaka kwa viwanja vingi vinavyotumika chini ya siku 50 kwa mwaka. Kodi ya namna hiyo ikifanikiwa kabisa haileti fedha, na baraza lazima liamue mapema linataka lipi kati ya hayo mawili.

Hatifungani, yaani mkopo ambao jiji huchukua kwa wawekezaji, si kodi kwa maana ya kawaida, lakini hulipwa kwa kodi ya majengo na huhitaji theluthi mbili ya kura za jiji. Fedha zake ni za kununua au kuboresha ardhi, majengo na miundombinu. Mishahara na magari haviruhusiwi. Kwa deni letu la dola milioni 90 ndiyo dawa inayofaa. Kwa pengo la milioni 12 haifai hata kidogo.

Kodi ya biashara na kodi ya matumizi ya umeme na simu zinafaa kuangaliwa pia, hasa pale ambapo viwango vyake vimeachwa bila kuguswa kwa miongo. Hiyo ya simu ilijengwa wakati kila nyumba ilikuwa na simu ya waya, kwa hiyo soma lugha yake kabla ya kuitegemea.

Hatua ya tano: andika nani atalipa kiasi gani

Chora jedwali lenye kaya nne au tano za kweli za jiji lako: mpangaji mwenye watoto watatu, mstaafu mwenye nyumba aliyoinunua mwaka 1985, mwenye duka, mwenye nyumba mpya. Mstaafu na mnunuzi mpya wanaweza kuishi ukuta kwa ukuta na kulipa kodi ya majengo iliyo tofauti mno, kwa sababu thamani ya kukadiriwa hupanda kwa kisichozidi asilimia 2 kwa mwaka hadi mali ibadilishe mikono. Hatifungani hufuata thamani hiyo, hivyo mnunuzi mpya, ambaye mara nyingi ni kijana au mhamiaji, hubeba sehemu kubwa zaidi. Jedwali hili lipelekwe kwenye kikao cha hadhara, na mahali wanapoishi wasemaji wa Kiswahili, Kihispania au Kisomali liwepo kwa lugha zao. Mtu hawezi kutoa ridhaa ya maana kwa mzigo asioelezwa uzito wake.

Hatua ya sita: sikiliza, kisha hesabu siku

Utafiti wa maoni unafaa ukifanywa mapema, wakati majibu bado yanaweza kubadili uamuzi. Uulize huduma zipi wananchi wanazithamini, na usome maelezo ya wapinzani pamoja na ya wanaounga mkono. Pendekezo linalohitaji theluthi mbili likianza na asilimia 60 kabla ya kampeni ya upinzani, liache kwa mwaka huo.

Kalenda ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kodi ya jumla lazima iende kwenye uchaguzi wa kawaida wa madiwani, isipokuwa baraza zima litangaze dharura bila hata kura moja ya kupinga, na kwa kawaida theluthi mbili ya madiwani lazima wakubali kuipeleka. Nyaraka hufika kwa msimamizi wa uchaguzi siku 88 kabla; kwa uchaguzi wa tarehe 5 Novemba 2024, siku hiyo ilikuwa tarehe 9 Agosti. Kodi ya mauzo iliyopita Novemba kwa kawaida huanza kutozwa Aprili, kwa hiyo usiiandike kwenye bajeti ya mwaka huo kana kwamba ni ya miezi 12.

Tazama pia nani mwingine yuko kwenye karatasi ya kura. Mwezi huohuo wa Novemba 2024 wakazi wa San Diego waliombwa kodi mbili za mauzo kwa wakati mmoja: senti moja ya jiji na nusu senti ya usafiri ya kaunti. Yote mawili yalianguka kwa tofauti ndogo sana. Kuna sababu nyingi za kura kuanguka, lakini jiji, kaunti na wilaya ya shule vinavyokutana mapema vinaweza kupeana zamu. Kwa jiji letu la kubuni, ningeshauri pendekezo moja kwa uchaguzi mmoja: kwanza nusu senti ya mauzo, pamoja na ada au punguzo la matumizi la kuziba milioni 4 zilizobaki, kisha hatifungani ya barabara miaka miwili baadaye, wananchi wakiwa wameshaona hesabu za fedha za kwanza.

Hatua ya saba: andika swali kwa unyofu

Swali kwenye karatasi ya kura lisizidi maneno 75, na sheria inataka litaje kiwango cha kodi, fedha zinazotarajiwa kila mwaka na muda wake. Maneno hayo machache hugombaniwa sana, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo wengi watayasoma. Usianze na orodha ya mambo mema ukaficha kiwango mwishoni. Kama kodi haina ukomo, tamka kwamba itadumu hadi wapiga kura waifute. Binafsi naona kodi ya jumla inapaswa kuwa na ukomo, miaka 10 kwa mfano, ili baraza lirudi na kutoa hesabu. Wanaotaka kodi ya kudumu wana hoja nzito pia, kwani huwezi kuajiri mzima moto kwa fedha zinazokwisha. Mwanasheria wa jiji huandika uchambuzi usioegemea upande, usiozidi maneno 500, na hapo ndipo panapofaa kuelezwa kama fedha zimefungwa au hazikufungwa.

Hatua ya nane: linda fedha za umma

Baraza likishapiga kura ya kulipeleka pendekezo, jiji linaruhusiwa kueleza, lakini haliruhusiwi kufanya kampeni kwa fedha za umma. Mahakama ya Juu ya California ilisema hivyo mwaka 1976, na ikarudia mwaka 2009 katika shauri lililohusu jiji la Salinas. Barua inayotaja huduma zitakazopunguzwa, kwa lugha tulivu na takwimu, inakubalika. Bango la kumwambia mtu apige kura ya ndiyo halikubaliki, wala mfanyakazi wa jiji kuligawa saa za kazi. Diwani anaweza kuunga mkono kwa jina lake na kwa fedha za michango iliyoripotiwa kisheria.

Katika kikao kilekile cha kupeleka pendekezo, baraza lipitishe azimio la pili linaloorodhesha huduma zitakazokatwa iwapo kodi itaanguka, na kiasi cha kila moja, na azimio hilo litolewe kabla kura hazijaanza kutumwa kwa posta. Orodha hiyo iwe ya kweli, ya mambo ambayo madiwani wako tayari kuyapigia kura asubuhi baada ya matokeo, kwa sababu wananchi watakuja nayo mkononi.